Toka Nje: Miti, Udongo na Hewa Safi kwa Afya Yako

Kipindi cha dakika 25. Msemaji: muuguzi wa afya ya jamii.

(Muziki wa kufungulia, kisha ushuke polepole)

Kama uko jikoni unapika, endelea kupika huku umetega sikio. Kama uko ndani ya matatu, mwombe dereva aongeze sauti kidogo. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba: kupima presha, kuulizia dawa, kutazama kadi za kliniki za watoto, kusikiliza.

Leo sitazungumza kuhusu ugonjwa mmoja. Nitazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa la afya hata kidogo. Jambo hilo ni kutoka nje. Sisemi kutoka kwenda sokoni kubanana na watu, wala kutoka kwenda stejini kungoja gari. Nasema kutoka kwenda mahali penye miti, nyasi, udongo au maji, ukatembea hapo, ukakaa hapo, ukapumua.

Najua kuna anayecheka sasa hivi. "Sista, mimi nina miezi miwili sijalipa nyumba, nawe unaniambia nikaangalie miti?" Subiri kwanza, ndugu yangu. Nitaanza kwa kukueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Mama wa ghorofa ya nne

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mgonjwa wa miaka 67. Jina lake sitalitaja, tumwite Shosho. Shosho alikuwa ameishi maisha yake yote Murang'a, kwenye shamba la mteremkoni. Alikuwa na migomba, viazi vitamu, na mbuzi wawili aliowapa majina kama watoto. Kanisani alikwenda kwa miguu, na mtoni vilevile. Mzee wake alipofariki, akaanza kuumwa na kichwa na kusikia kizunguzungu. Kijana wake anayefanya kazi Nairobi akaenda kumchukua. Akamleta kwake Eastlands, nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne.

Nataka uelewe kwamba kijana huyo ni mtu mwema. Alimpa mama kitanda chake, yeye na mkewe wakahamia sebuleni. Nilipompima Shosho presha nilipata 170 kwa 100. Nikamwandikia barua ya kwenda kliniki, akapewa dawa. Kisha mimi, kwa mdomo wangu, nikawaambia watu wa nyumba hiyo: "Mama apumzike. Asifanye kazi yoyote. Asipande na kushuka ngazi ovyo." Nao wakanitii. Wakanitii kupita kiasi.

Baada ya miezi mitatu mke wa kijana akanipigia simu. "Sista, Mama halali usiku. Chakula anasukuma. Siku hizi analia tu, ukimuuliza sababu hasemi."

Nilipopanda nilimkuta ameketi kitandani, pazia limefungwa. Nikalifungua ili nipate mwanga wa kusoma kipimo. Nje ya dirisha palikuwa na ukuta wa ghorofa ya jirani, karibu sana hata ningenyoosha mkono ningeugusa. Huo ndio uliokuwa ulimwengu wa Shosho kwa miezi mitatu. Alikuwa ameshuka chini mara mbili tu, na mara zote mbili ni kwenda kliniki. Magoti yalikuwa yamekakamaa, miguu imevimba. Nilihesabu vidonge, alikuwa amemeza vyote sawasawa. Presha ilikuwa 168 kwa 98.

Nikamuuliza, "Shosho, unajisikiaje?" Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mimi nilikosa nini? Nimefungwa kwa kosa gani?"

Msikilizaji, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa mama huyu kifungo nikakiita mapumziko. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikiona kosa lilelile katika nyumba nyingi. Mgonjwa wa sukari amefungiwa ndani. Aliyefiwa amefungiwa ndani. Mtoto amefungiwa ndani na televisheni ili asichafuke. Tunafanya hivyo kwa upendo, lakini mwili wa binadamu haukuumbwa kukaa chumbani mchana kutwa.

(Muziki mfupi)

Mwili hufanya nini ukiwa nje?

Hebu tuchukue mambo manne, moja baada ya jingine.

La kwanza ni mwendo. Ukiwa ndani unakaa. Ukiwa nje miguu inatafuta pa kwenda, hata bila kuambiwa. Kutembea kwa hatua za haraka kidogo kunasaidia moyo, kunashusha presha, kunasaidia mwili kutumia sukari iliyo kwenye damu, na kunalegeza viungo vilivyokakamaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kadiri kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku, siku tano. Mtoto wa shule anahitaji saa moja ya kucheza na kukimbia kila siku.

La pili ni mwanga. Ndani ya ubongo kuna saa ambayo huambiwa na macho kwamba sasa ni mchana na sasa ni usiku. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa hiyo. Mtu akishinda gizani mchana, halafu usiku akakaa mbele ya simu inayong'aa, saa hiyo inachanganyikiwa. Usiku usingizi haumjii, mchana anasinzia. Ndiyo maana Shosho alikuwa halali. Taa ya chumbani, hata uione kali vipi, ni hafifu sana ukilinganisha na mwanga wa nje, hata siku ya mawingu.

La tatu ni jua kwenye ngozi. Jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo husaidia mifupa kupokea kalsiamu. Na fahamu kwamba jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo. Lazima likuguse lenyewe.

La nne ni utulivu wa moyo na akili. Unapokuwa na wasiwasi, mwili hutoa homoni za kukuandaa kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio, mishipa hukaza, presha hupanda. Kelele za honi, ugomvi wa majirani, deni la kodi, yote hayo huufanya mwili ukae hivyo siku nzima. Watafiti waliowapima watu msituni na mjini, hasa Wajapani, wameona kwamba penye miti mapigo ya moyo hutulia na homoni hizo hupungua. Huko Japani tangu mwaka 1982 serikali imekuwa ikiwahimiza wananchi kwenda msituni kutembea polepole, kusikiliza ndege na kunusa majani, kwa ajili ya afya tu. Mababu zetu hawakuhitaji kuambiwa. Mzee akichoshwa na maneno ya nyumbani alichukua fimbo yake akaenda kukaa chini ya mti. Hakuwa mvivu yule. Alikuwa akijitibu.

Dirisha la miti na dirisha la ukuta

Kuna utafiti mmoja ambao nikiukumbuka namkumbuka Shosho na ukuta wake. Mwaka 1984 mtafiti mmoja wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha alichokipata katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania. Alichukua rekodi za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Nusu yao, 23, walikuwa wamelala katika vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu nyingine dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Upasuaji ni uleule, hospitali ni ileile.

Wale wa dirisha la miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, kwa wastani karibu siku nzima. Waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Na wauguzi waliandika malalamiko machache zaidi kuwahusu. Hao walikuwa wanaitazama miti kwa mbali tu, wakiwa kitandani. Je, yule anayetembea chini yake?

Basi ukiwa na mgonjwa nyumbani, anza na hilo dogo. Sogeza kitanda chake karibu na dirisha lenye mwanga. Fungua pazia mchana. Kama dirisha linatazama ukuta, mtoe akae mlangoni, au weka mmea kwenye mkebe dirishani. Haitakugharimu chochote.

(Muziki mfupi)

Watoto wetu

Sasa niseme na wewe mama, na wewe baba, na wewe unayelea watoto wa wenzako kwa malipo ya siku.

Ninapopita mitaa ya mabanda ya Nairobi nakutana na watoto wenye matege. Miguu imepinda, kifua kimechomoza, mtoto amefika mwaka na nusu na hatembei. Wengine wanasema amerogwa. Wengine wanasema alisimamishwa mapema. Lakini sababu kubwa ya matege ni mifupa laini, iliyokosa vitamini D na kalsiamu. Na jambo la kusikitisha ni kwamba tunaishi hapa Ikweta, jua tunalo mwaka mzima, bure. Mtoto analikosa kwa sababu mama anaondoka kabla hakujapambazuka kwenda kutafuta kibarua. Mtoto anashinda katika chumba cha mabati kisicho na dirisha, pamoja na watoto wengine kumi, na anarudi nyumbani giza limeingia.

Mtoe mtoto nje kila siku aote jua, asubuhi au jioni, mikono na miguu ikiwa wazi. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, kwa hiyo dakika mbili mlangoni hazitoshi. Mwache acheze. Na akishafikisha umri wa kula, mpe omena, maziwa, mayai na terere. Kama tayari miguu imeanza kupinda, usingoje ijinyooshe. Mpeleke kliniki mapema, maana matege yanatibika vizuri mtoto akiwa bado mdogo.

Nitaongeza onyo moja hapo. Mtoto mchanga ambaye macho au ngozi imegeuka kuwa ya manjano, usimweke juani ukitumaini yatakwisha. Huyo ni wa hospitali, siku hiyohiyo.

Jambo jingine ni macho. Watoto wengi zaidi siku hizi wanavaa miwani kwa sababu hawaoni mbali. Katika mji wa Guangzhou, China, shule sita ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza. Shule nyingine sita ziliendelea kama kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, katika shule za kawaida karibu watoto 40 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Katika shule zilizowatoa watoto nje walikuwa takriban 30. Dakika 40 tu! Basi mwalimu, muda wa mapumziko si zawadi ya mwanafunzi mzuri, wala usimnyime mtoto kwa kuwa hakumaliza hesabu. Ni haki ya macho yake na mifupa yake.

Dozi ni ngapi?

Mimi ni muuguzi, napenda kupima. Ukija kliniki nakwambia kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Je, miti na nyasi dozi yake ni ngapi?

Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kuwauliza watu karibu 20,000. Walikuta kwamba waliokuwa wakikaa nje penye mimea au maji kwa jumla ya dakika 120 kwa wiki au zaidi, ndio waliosema mara nyingi zaidi kwamba afya yao ni nzuri na wanaridhika na maisha. Kama mtu alizipata dakika hizo kwa siku moja au alizigawa katika wiki, hapakuwa na tofauti. Ni kweli kwamba mtu mwenye afya ndiye anayependa kutoka, kwa hiyo utafiti wa namna hiyo peke yake hautoshi kusema miti ndiyo iliyofanya kazi yote. Lakini hata wazee, na hata wenye magonjwa ya muda mrefu, waliozipata dakika hizo walijisikia vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakutoka.

Saa mbili kwa wiki. Ukigawanya ni dakika kumi na saba hivi kila siku. Unaweza kushuka matatu steji moja kabla ya yako, ukapita njia yenye miti. Unaweza, Jumapili baada ya kanisa, kukaa na watoto kwenye nyasi badala ya kurudi moja kwa moja kwenye televisheni. Na ukifika huko, weka simu mfukoni. Mtu aliyeinamia simu chini ya mti bado yuko chumbani.

"Sista, mimi sina msitu"

Msitu si lazima. Na wala si lazima uende mbugani kulipa pesa nyingi. Kama uko Nairobi, kuna bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, yenye zaidi ya aina 300 za miti. Kuna Karura na City Park. Mombasa kuna ufuo wa bahari, Kisumu kuna ziwa, Kakamega kuna msitu wenyewe. Kijijini je? Kijijini unayo tayari, ila umeisahau. Shamba ni mahali pa kazi, lakini pia ni mahali pa kusimama kidogo jioni, ukasikia upepo kwenye mahindi.

Na kama hapo ulipo ni ploti tupu ya saruji, panda kwenye gunia. Wengi mnalijua jambo hili, limetumika sana Kibera na mitaa mingine. Chukua gunia kuukuu. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Simamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia, ujaze mawe madogo. Jaza udongo kuzunguka mkebe, kisha uvute mkebe juu, ujaze mawe tena, mpaka ufike juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo itakayopitisha maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni mwa gunia, upande miche ya sukuma wiki au spinachi, na juu upande vitunguu. Mwagilia kwa maji uliyooshea mboga. Gunia moja halichukui nafasi kuliko kiti, na litakupa mboga wiki baada ya wiki. Ila usichote udongo mahali palipovunjwa betri za magari, maana una sumu ya risasi, wala usimwagilie maji ya mfereji wa choo.

Mkono ukishika udongo, akili inapumzika. Una kitu cha kuamkia asubuhi. Kwa mtu mwenye huzuni hilo si jambo dogo.

Nafasi hizi zililindwa na watu

Kabla sijarudi kwa Shosho, nikukumbushe jambo. Nafasi za wazi tulizo nazo hazikubaki wazi kwa bahati. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi. Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akapinga, akatukanwa hadharani, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1999, mwezi wa Januari, alikwenda Karura kupanda mche kwa sababu vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa watu. Yeye na wenzake wakapigwa, akatoka damu kichwani. Leo msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 uko pale, na familia zinatembea ndani yake. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka 2011.

Mtaani kwako kuna kiwanja gani? Kiwanja cha shule, uwanja wa mpira, ukingo wa mto? Kikianza kuzungushiwa mabati usiku, jua kwamba si watoto tu wanaonyang'anywa mahali pa kucheza. Ni dawa ya presha ya mtaa mzima inayoibwa. Uliza katika baraza la chifu. Uliza kwa mwakilishi wa wodi. Nendeni wengi, msiende mmoja.

(Muziki mfupi)

Tahadhari

Ukitoka nje, toka kwa akili.

Kwanza, usiache dawa. Kama unameza dawa za presha, sukari, kifafa au virusi vya UKIMWI, endelea kumeza kama ulivyoagizwa. Miti husaidia dawa, haichukui nafasi yake. Na kama una ugonjwa wa moyo, au kifua hubana ukitembea, muulize daktari kwanza uanze vipi.

Pili, vaa viatu. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu. Ukichomwa na mwiba au msumari, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha uende kituo cha afya ukaulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Tatu, maji. Kando ya Ziwa Victoria na kwenye mifereji ya mpunga kama ya Mwea kuna kichocho. Kaa ukingoni ufurahie upepo, lakini usiingie kuoga wala kuacha watoto wachezee ndani.

Nne, mbu huuma hasa usiku. Kama eneo lako lina malaria, giza likianza kuingia vaa nguo za kufunika mwili, na ulale ndani ya chandarua.

Tano, nyoka. Akiumwa mtu, usikate, usifyonze, usifunge kamba kwa nguvu. Mtulize, asisogeze kiungo kilichoumwa, mkimbize hospitali.

Sita, ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Wao watoke asubuhi mapema au jioni, wakae kivulini.

Saba, usalama. Wanawake tembeeni wawili au zaidi, na mchague njia yenye watu.

Na la mwisho, kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, huli, hulali, au unawaza kujidhuru, usiishie kwenye kutembea. Mwambie mtu leo, uende kituo cha afya. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa, na una matibabu. Si aibu.

Shosho alifika wapi?

Siku ile niliketi na kijana na mkewe, nikawaambia wazi, "Nilikosea. Nilipaswa kuwaambia mama asifanye kazi nzito, lakini atembee." Kwanza tulimrudisha kliniki. Moyo na figo vikakaguliwa, na daktari akabadilisha dawa moja. Kisha tukapanga. Kila asubuhi mjukuu wa miaka tisa angeshuka naye kabla ya kwenda shule. Wiki ya kwanza walishuka mpaka langoni tu, wakarudi, Shosho akipumzika kila ghorofa. Wiki ya tatu wakafika uwanja wa kanisa, penye mijakaranda miwili na benchi. Kijana akaomba ruhusa kwa mwangalizi wa ploti, wakaweka magunia matatu juu ya paa, pale tunapoanika nguo.

Hapo ndipo nilipomwona Shosho mwingine. Alinifokea kwamba samadi niliyoshauri haikuwa imeoza vizuri. Akamfundisha mke wa kijana kupunguza majani bila kuua mche. Majirani wakaanza kupanda juu kuuliza, na yeye akawa mwalimu. Usingizi ulirudi kabla ya presha kushuka. Baada ya miezi minne nilimpima nikapata 142 kwa 86. Je, ni dawa mpya, ni miguu, ni udongo, au ni kuwa mtu tena badala ya kuwa mgonjwa? Siwezi kuvitenganisha, na kusema kweli sikujaribu. Nilimwambia aendelee na vyote.

Baadaye alirudi Murang'a. Kliniki ya huko inampa dawa, na kila mwezi anapimwa. Mwaka jana alimtuma kijana wake aniletee viazi vitamu, na ujumbe: "Mwambie yule sista kwamba nilifunguliwa."

Msikilizaji wangu, kipindi kikiisha usiketi. Fungua mlango. Kama kuna mgonjwa ndani, au mzee, au mtoto, mshike mkono mtoke naye.

(Muziki wa kufungia)

Mambo ya kukumbuka

1. Tafuta angalau saa mbili kwa wiki nje penye miti, nyasi, shamba au maji. Unaweza kuzigawa.
2. Mtu mzima atembee nusu saa, siku tano kwa wiki. Mtoto wa shule acheze saa moja kila siku.
3. Watoto wadogo waote jua kila siku. Matege yapelekwe kliniki mapema.
4. Mgonjwa wa nyumbani asifungiwe. Fungua pazia, sogeza kitanda, mtoe nje kadiri anavyoweza.
5. Endelea na dawa zako. Kutoka nje husaidia dawa, hakuziondoi.
6. Linda uwanja wa wazi wa mtaa wako.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Ni nani katika nyumba zetu ambaye hajatoka nje wiki hii? Nani atamtoa, na siku gani?
2. Watoto wanaolelewa mchana katika mtaa wetu huota jua saa ngapi?
3. Mahali pa wazi tulipobaki napo ni wapi, na hali yake ikoje?